Mfuko wa Maji Unapokaribia Kwisha

Ndugu msomaji, kama umewahi kumuuguza mtu wako hospitalini, bila shaka umeisikia kauli hii: "Mama, yakikaribia kwisha uniite." Muuguzi huitamka akiwa amekwisha kugeuka, trei mkononi, anaelekea kitanda kingine. Wewe hubaki umeketi ukingoni mwa kitanda, macho yameganda kwenye mfuko wa plastiki uliotundikwa, ukiyatazama matone yakidondoka moja moja. Hujui hasa ni kitu gani unachokilinda. Hujaambiwa "kukaribia kwisha" ni wapi, wala kwa nini uite kabla na si baada.

Wengi wetu huidhania kazi ya kubadilisha mfuko wa dripu kuwa sawa na kubadilisha ndoo bombani: moja hutolewa, nyingine huwekwa, basi. Sivyo hata kidogo. Mrija ule umeunganishwa na mshipa, na mshipa unakwenda moyoni. Ngozi, ambayo ndiyo ukuta wa mwili, imekwisha kutobolewa. Tumbo, ambalo hujua kutapika kisichofaa, limepitwa kando. Chochote kitakachoingia katika mrija, kiwe dawa au kiwe uchafu, kimekwisha kuingia katika damu, na hakuna wa kukirudisha. Katika dakika mbili tatu za kubadilisha mfuko, mlango huo huwa wazi, na bawabu wake ni muuguzi mmoja ambaye labda hajaketi tangu alipoingia zamu.

Tuichukue Nzega iwe mfano wetu, kwa kuwa Nzega ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Igunga hukutana hapo na ile itokayo Tabora, kisha husonga mbele hadi Tinde, ambako magari ya Shinyanga na Mwanza huagana na yale ya Kahama, Rwanda na Burundi. Malori hupita usiku na mchana. Kwa sababu hiyo wodi ya hospitali ya Nzega humpokea mkulima wa mpunga na mama mjamzito aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kijijini, lakini pia humpokea utingo wa lori aliyeshushwa usiku akiwa hana nguvu ya kusimama, ambaye ndugu yake wa karibu yuko mwendo wa siku nzima kutoka hapo. Mgonjwa wa namna hiyo hana mama wala shangazi wa kuketi ukingoni mwa kitanda. Mfuko wake hauna mlinzi ila muuguzi. Mkumbuke utingo huyo, tutamrudia.

Njia hii si ya leo. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi waliikanyaga kwa miguu, shehena ya kilo 30 na zaidi begani kwa kila mtu, kutoka pwani hadi Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, Karagwe na Buganda. Mwaka 1858 Mwingereza Speke alitoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akaelekea kaskazini kupitia nchi hii hadi ukingoni mwa ziwa. Misafara ilibeba nguo, shanga na pembe, na ilibeba maradhi vilevile. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alikusanya habari kutoka kwa wafanyabiashara na mahujaji juu ya njia alizopitia kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, akazichapisha katika kitabu mwaka 1876. Gonjwa lililoua watu wengi Unguja mwaka 1869 na 1870 lilifuata njia za misafara hadi Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako Livingstone aliliandika katika shajara yake. Mpagazi aliyeshikwa na kuhara njiani aliachwa chini ya mti. Hapakuwa na la kumfanyia.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: dripu ilizaliwa kwa ajili ya ugonjwa huo huo.

Mwaka 1832 kipindupindu kilikuwa kikiua watu katika miji ya Uingereza. Kijana mmoja, Daktari O'Shaughnessy, alikuwa amekwisha kuipima damu ya wagonjwa na kuonyesha kwamba imepoteza maji na chumvi nyingi. Daktari wa Leith, bandari ya mji wa Edinburgh, jina lake Thomas Latta, alisoma maelezo hayo akaamua kufanya jambo ambalo lilionekana la ajabu: kuyarudisha maji na chumvi moja kwa moja katika mshipa. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa bibi kizee aliyekuwa anakata roho. Latta alimpa painti sita, yaani zaidi ya lita tatu, katika muda wa kama nusu saa. Yule bibi alifumbua macho, sauti ikarudi, mikono ikapata joto, akasema hana tena maumivu. Latta, akidhani kazi imekwisha, akamwachia mganga wa hospitali akaenda kupumzika.

Haukupita muda kuhara na kutapika kukaanza upya. Hakuna aliyemwita Latta. Hakuna aliyeongeza maji. Saa tano na nusu baada ya yeye kuondoka, bibi yule alifariki. Latta mwenyewe aliyasimulia hayo katika barua iliyochapishwa mwaka huo huo katika jarida la Lancet, na wagonjwa aliowatibu baadaye aliwarudia tena na tena. Kwa hiyo dripu ya kwanza inayojulikana vizuri katika historia ilimwamsha mgonjwa, kisha ikamwacha afe, kwa sababu maji yalikwisha na hapakuwa na mtu wa kuendeleza. Wauguzi wanaosoma leo katika chuo cha Nzega wangefaa kusimuliwa kisa hiki kabla ya kufundishwa kushika mrija.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana wanaolalamika kwamba "masista ni wazito" wanafaa kuijua. Kwa mgonjwa wa kipindupindu aliyekauka vibaya, kanuni inayofuatwa duniani ni mililita 100 za maji kwa kila kilo ya mwili wake katika saa tatu. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji lita sita. Mfuko wa kawaida una nusu lita. Hiyo ni mifuko 12. Tena maji hayo hayagawanywi sawasawa: mililita 30 kwa kila kilo zinatakiwa ziingie katika nusu saa ya kwanza, yaani karibu mifuko minne, na iliyobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Muuguzi atabadilisha mfuko kila baada ya dakika nane mwanzoni, kisha kila baada ya dakika 18 au 19. Huyo ni mgonjwa mmoja. Wakiwa kumi, ni mifuko 120, lita 60. Maji ni mazito kama yalivyokuwa zamani za misafara: kilo 60 ni mizigo miwili ya mpagazi, na hospitali ikiishiwa inapaswa kuyatafuta mbali. Kutoka Nzega hadi Tabora, kwenye ghala la kanda la Bohari ya Dawa, ni kilomita zipatazo 115 kupitia Puge. Sasa kuna lami.

Kipindupindu kilienea Tanzania mwaka 1977 na 1978, na mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulifika karibu kila mkoa wa bara. Lakini si lazima tungoje mlipuko. Siku za kawaida dripu hutundikwa kwa mama aliyetoka damu baada ya kujifungua, kwa aliyepasuliwa, kwa aliyeungua moto, kwa majeruhi wa barabarani. Nchi inayotegemea njia kuu haikosi majeruhi.

Basi na tumfuate muuguzi hadi kitandani.

Jambo la kwanza analolifanya halionekani kuwa kazi: anasoma. Anasoma agizo la daktari katika faili, kisha anasoma maandishi ya mfuko mpya: jina la maji, nguvu yake, tarehe ya mwisho wa matumizi. Anauinua mfuko kuelekea kwenye mwanga wa dirisha au taa kuangalia kama maji ni maangavu au yana ukungu na chembe zinazoelea. Anauminya. Ndugu wa mgonjwa wakiona anauminya hudhani anacheza. Kumbe anatafuta tundu dogo kama la ncha ya sindano, ambalo halionekani kwa macho lakini hutoa tone mfuko unapobanwa. Panapotoka tone, kijidudu kinaweza kuingia.

Kisha anamwuliza mgonjwa, "Unaitwa nani?" Angalia, msomaji, hamwulizi, "Wewe ni Shija?" Mtu mwenye homa kali huitikia jina lolote. Na katika nchi ya Wanyamwezi, ambako pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija, si ajabu wodi moja ikawa na akina Kulwa wawili na akina Shija watatu. Ndiyo sababu anataka jina kamili na kulilinganisha na faili. Usikasirike ukiona anakuuliza jina lako kwa mara ya tano siku hiyo.

Mikono yake anaiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, au anaipaka spiriti na kuingoja ikauke. Neno jepesi kuandika. Lakini Nzega ni mji ulioishi miaka mingi na shida ya maji, hadi mabomba ya mradi wa Ziwa Victoria yalipofika Tabora, Igunga na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 2020. Kumwambia muuguzi aoshe mikono kabla ya kila mgonjwa ni kumwambia aliyejenga hospitali alete maji mpaka ndani ya wodi.

Sasa anafunga kigurudumu kilichoko kwenye mrija. Asipokifunga, maji yaliyomo katika mrija yatashuka yote wakati mfuko umeondolewa, na hewa itafuata nyuma yake. Anautelemsha mfuko wa zamani, anaung'oa mrija. Mwisho wa mrija huo una ncha kali ya plastiki, na ncha hiyo ndiyo roho ya shughuli nzima. Haiguswi na kidole, hailazwi kitandani wala kwenye trei, haipulizwi kwa mdomo. Mlango wa mfuko mpya hufunuliwa wakati uleule, ncha huingizwa moja kwa moja mpaka ikae, mfuko hutundikwa.

Je, ikigusa shuka? Hapo mrija wote hutupwa na mpya kuletwa. Najua kwamba hapa ndipo kishawishi kilipo. Mirija inahesabiwa, ghala lina mwenye funguo, na mkono huenda wenyewe kwenye pamba yenye spiriti: futa, ingiza, endelea. Spiriti ya kufutafuta haiitakasi ncha iliyokwisha kuchafuka. Mimi naona lawama haimwelekei muuguzi peke yake. Hospitali ambayo muuguzi huogopa kuulizwa "mrija huu umeuharibuje?" imekwisha kumfundisha kuficha.

Iko pia desturi iliyozoeleka katika wodi nyingi, ya kuchoma sindano kwenye kitako cha chupa ya plastiki ili hewa iingie na maji yashuke upesi. Maji hushuka kweli. Lakini tundu hilo huvuta hewa ya wodi, pamoja na vumbi la kila aliyepita, kwa muda wote chupa inapodondosha. Mfuko laini hauna haja ya hewa, kwa kuwa hujikunja wenyewe kadiri unavyotoka maji. Chupa ngumu inahitaji mrija wenye kitundu chake cha hewa kilichowekewa kichujio.

Kama unadhani haya ni makuu ya bure, zingatia mambo mawili yaliyotokea katika nchi tajiri, zisizokosa maji wala sabuni. Marekani, kati ya mwaka 1970 na 1971, mamia ya wagonjwa katika hospitali 25 walipata uambukizo wa damu, na chanzo kilipofuatiliwa kikaonekana kuwa vijidudu vilivyokaa ndani ya vifuniko vya chupa za dripu. Na mwezi Machi 1972, huko Plymouth, Uingereza, wagonjwa watano walikufa baada ya kupewa maji ya sukari yaliyotoka katika kundi moja la chupa. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika mashine ya mvuke ya kiwandani hewa ilinasa sehemu ya chini, na chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kipimo cha joto cha chini kilikuwa kimelionyesha jambo hilo waziwazi. Wafanyakazi wakadhani kipimo ndicho kilichoharibika. Chupa zikakaa ghalani kwa miezi, vijidudu vikizaana katika maji ya sukari. Ndiyo maana muuguzi mzuri huutazama mfuko kwenye mwanga hata kama umetoka katika katoni mpya, na mfuko uliokwisha kufunguliwa hauachwi ukining'inia kupita saa 24, hata kama maji yamebaki.

Turudi kitandani. Mfuko umetundikwa. Chini yake pana kile kichupa kidogo ambamo matone huonekana. Muuguzi anakiminya mpaka kijae nusu: kikijaa chote hataweza kuhesabu matone, kikikaa kitupu hewa itapita. Anafungua kigurudumu, anatoa saa, anahesabu. Mrija wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita moja. Lita moja ikitakiwa iishe kwa saa nane, hayo ni matone 42 kwa dakika. Kwa watoto upo mrija wa matone madogo, 60 kwa mililita, ambao hesabu yake ni rahisi kupendeza: mililita kwa saa ni sawa na matone kwa dakika. Kisha anautazama mkono mahali ilipoingia kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki ulioachwa ndani ya mshipa. Pamevimba? Pamekuwa pekundu? Panauma? Maji yanayoingia katika nyama badala ya mshipa hayamsaidii mgonjwa, na baadhi ya dawa huichoma nyama hiyo.

Mwisho anabandika lebo yenye saa na jina lake, na hauandiki mfuko wenyewe kwa kalamu, maana ncha inaweza kuutoboa. Kisha anaandika katika karatasi ya maji ya mgonjwa. Haya yote, kwa mikono iliyozoea, huchukua muda mfupi kuliko ulivyotumia kuyasoma.

Na sasa yale yaliyomo ndani ya mfuko. Wananchi wengi huyaita yote "maji" na kuridhika. Kuna maji ya chumvi, gramu 9 katika kila lita. Kuna maji ya sukari, gramu 50 katika lita. Kuna maji ya Ringer, yaliyopewa jina la daktari mmoja wa London wa karne ya 19 na kuongezewa laktati na Hartmann wa Marekani karne iliyofuata; hayo yana chumvi za aina mbalimbali na ndiyo yanayopendelewa kwa kipindupindu. Mifuko hufanana kama Kulwa na Doto. Damu ikitundikwa, mrija wake hufuatana na maji ya chumvi tu. Maji ya sukari huziharibu chembe zake, na ya Ringer yanaweza kuigandisha. Mtoto mchanga anayechomwa dawa ya seftriaksoni hapewi maji yenye kalsiamu kama ya Ringer, kwa sababu viwili hivyo vikikutana huweza kufanya chembe ngumu mwilini. Potasiamu nayo ikitiwa katika mfuko ambao tayari umetundikwa, bila kuugeuza na kuuchanganya barabara, huweza kukaa chini yote na kuingia kwa pamoja, na moyo ukasimama. Kwa hiyo muuguzi anapokataa kuutundika mfuko "ulio karibu tu" ili kukuondolea kungoja, hakufanyii ukaidi.

Nigusie kwa ufupi wale wanaoingia dukani au zahanati wakisema, "Nitundikie maji nipate nguvu." Mfuko wa nusu lita wa maji ya sukari una gramu 25 za sukari. Hivyo ni vijiko vitano au sita vya chai. Bakuli la uji wa ulezi lina nguvu zaidi, lina ladha, na halitobolei mtu mshipa. Anayeweza kunywa, na anywe. Hata mwenye kuhara, kama hajakauka sana, huponywa na maji ya chumvi na sukari ya kunywa yaliyopimwa sawasawa. Katika kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko Bongaon, India, mwaka 1971, dripu zilikwisha kabisa, na Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kwa vikombe, ndugu zao wakiwasaidia. Vifo vilipungua sana.

Jambo la mwendo wa matone linahitaji kuelezwa peke yake, kwa kuwa hapa sisi ndugu wa wagonjwa ndio wakosaji wakubwa. Matone yakionekana ya pole, mtu huinua mkono akakizungusha kigurudumu kidogo, "yaishe upesi twende nyumbani." Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanywa utafiti mkubwa katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, ya kwetu ikiwa Teule, Muheza. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa: baadhi walipewa maji mengi kwa haraka, kama vitabu vya nchi nyingine vilivyoelekeza, na wengine walipewa kwa pole. Kila mtu alitazamia maji ya haraka yaokoe. Ikawa kinyume. Katika siku mbili za mwanzo, kati ya kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka walikufa 10 au 11. Kati ya waliopewa kwa pole, walikufa saba. Utafiti ukasimamishwa. Watoto wenye kuhara na waliokonda kwa utapiamlo hawakuwemo, kwa hiyo kanuni ya kipindupindu haikuguswa. Lakini kwa mtoto mwenye malaria kali, aliyepungukiwa damu, maji ya haraka yanaweza kumwua. Ule mzunguko mdogo wa kidole chako kwenye kigurudumu hufanya jambo lile lile, bila daktari kujua.

Malaria yenyewe, kwa bahati njema, imeyapunguza matumizi ya dripu. Zamani kwinini ilichanganywa katika maji ya sukari na kudondoshwa kwa saa kadhaa, mara tatu kwa siku. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza sindano ya atesuneti kwa watoto wa Afrika mwaka 2011, dawa huingizwa mshipani kwa dakika chache na muuguzi akaondoka.

Sasa, wakati gani uite? Ita maji yanapobaki kiasi cha vidole viwili chini ya mfuko. Usingoje yaishe. Wengi huogopa hewa, na hofu hiyo hutiwa chumvi. Kipovu kidogo kwenye mrija wa mkononi kwa kawaida hakimdhuru mtu mzima. Hasara ya kweli ni nyingine. Mfuko ukikauka, matone husimama, damu hurudi nyuma kidogo ndani ya kanula, na damu iliyosimama huganda. Muuguzi akija na mfuko mpya anakuta njia imezibwa. Inabidi atafute mshipa mwingine. Kwa mtu mwenye afya hilo ni kuchomwa mara moja zaidi. Kwa mtoto aliyekauka kwa kuhara, ambaye mishipa yake imesinyaa na ile ya kwanza ilipatikana kwa taabu baada ya kujaribu mikono yote miwili na mguu, yule mshipa uliopotea huenda usipatikane tena kwa wakati. Ita pia mkono ukivimba, mgonjwa akianza kutetemeka kwa baridi ghafla, akikohoa au kuhema kwa shida. Kigurudumu usikiguse.

Na yule utingo wetu? Yeye hana wa kumwitia muuguzi. Usiku wa manane taa moja inawaka, na sauti pekee ni ya malori yakibadilisha gia njia panda. Kinachomlinda ni karatasi. Muuguzi anapotundika mfuko wa utingo huandika saa aliyouanza, na papo hapo hupiga hesabu ya saa utakayokwisha, naye huiandika. Mfuko ulioanza saa nne usiku kwa matone 42 utakwisha saa nane usiku. Kwa hiyo saa nane kasorobo atakuwa hapo, aite mtu, asiite. Ukiwakuta wauguzi asubuhi wamesimama mguuni pa kitanda, yule wa usiku akimsomea yule wa mchana kitanda kimoja baada ya kingine, usiwapige kelele kwamba wanapiga soga wakati wagonjwa wanangoja. Hicho ndicho kipindi ambacho kule Leith kilikosekana. Wa usiku anasema: mfuko wa tatu, maji ya Ringer, ulianza saa kumi na moja alfajiri, utakwisha saa tatu asubuhi, mkono wa kushoto, hapajavimba, amekojoa mara mbili. Wa mchana anautazama mfuko, anautazama mkono, anatia sahihi.